Chupa Niliyoiandika

Chupa ya dawa ya macho ya mama yangu niliiweka mimi chini ya madhabahu, kwa kalamu, siku mbili kabla yeye hajaiweka kwa mkono wake. Watu wakisikia habari hii hukimbilia kumlaumu pasta. Nawaambia wamwache pasta wa watu apumzike. Wakitaka wa kumlaumu, niko hapa. Nafundisha Kifaransa na fasihi katika shule moja ya mapadri hapa Kisangani, na kila mwaka nawaonyesha watoto wa watu jinsi kitu kidogo kinavyowekwa ndani ya hadithi ili kibebe jambo kubwa.

Huwa naanza mwaka na hadithi fupi moja ya zamani, kurasa mbili zilizotolewa kopi mara nyingi mpaka herufi za pembeni zimepotea, pamoja na jina la mwandishi. Ni habari ya mtunza kanisa katika kijiji chenye njaa. Siku moja anafungua tabenakulo, anakula mikate yote ya komunyo, halafu anakaa kwenye benchi la mbele kungoja adhabu. Radi haipigi. Tumbo halimuumi. Jioni anainuka, anapiga kengele kama kawaida, na kinachomtetemesha mikono ni kwamba hakuna kilichotokea. Hadithi inaishia hapo.

Nilikuwa naipenda hadithi ile kupita kiasi. Nilikuwa nawauliza wanafunzi: huo mkate ni mkate? Kengele ni kengele? Nilikuwa nawaambia kwamba katika hadithi fupi hakuna kitu kinachokaa bure, na kilichotajwa mwanzoni sharti kirudi mwishoni kikiwa kimeongezeka uzito. Mwaka mmoja msichana fulani akainua mkono kutoka nyuma.

"Prof, na weye mwenyewe? Unaamini Mungu iko mule ndani?"

Darasa zima likageuka kunitazama. Nikacheka kidogo, nikasema, "Msomaji hahitaji imani. Anahitaji macho." Wakaiandika kwenye madaftari yao, wengine wakapiga mstari chini. Nilitembea na sentensi ile siku nzima nikijisifu moyoni. Mjinga mimi!

Mama alijua kwamba siamini. Yeye ndiye aliyefua kanzu yangu nyeupe miaka yote niliyohudumu altareni, na yeye ndiye aliyeona nilivyoacha. Papa, yaani baba yangu, alipokuwa mgonjwa tulisali siku tisa, tukarudia tisa nyingine, akafa katikati ya hizo za pili. Baada ya hapo nikaacha kupokea komunyo, halafu nikaacha kuingia kanisani, bila kugombana na mtu yeyote. Mama hakunisema. Baadaye yeye mwenyewe alihama kwa mapadri, akaingia kanisa la uamsho huko Mangobo, akasema kule angalau watu wanalia kwa sauti. Alichofanya kwa ajili yangu ni kusali jikoni, akihakikisha nimesikia: "Baba, na huyu papa wangu usimusahau." Ananiita papa kwa sababu nina jina la baba yake, mvuvi wa Yanonge.

Sasa niseme habari ya macho. Mama alikuwa anauza samaki wa moshi kwenye soko la mtoni. Asubuhi moja toleka, yaani baiskeli zetu za kubeba abiria, ikamgonga kutoka upande wa kulia, samaki wakamwagika njiani. Mama akaamka na matusi: "Weye! Unapanda kinga bila macho?" Kinga kwetu ni baiskeli. Mwenye baiskeli akaapa kwamba alipiga kengele toka mbali, na kwamba mama alikuwa anamtazama usoni. Wauza samaki wenzake wakamuunga mkono yule mtu, na ndipo nikaogopa.

Daktari wa macho alimkagua muda mrefu, akasema ni presha ya jicho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kwenda, na la kushoto lilikuwa limeliwa kando kando. "Kilichokwenda hakirudi," alisema. "Kilichobaki tutakilinda. Tone moja asubuhi, tone moja jioni, maisha yote." Tone lile nilikuwa namtia mimi. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani, akalaza kichwa nyuma, akavuta kope ya chini kwa kidole, akasema, "Mimina, papa." Tulifanya hivyo mwaka mzima na zaidi, na jicho likasimama palepale. Daktari alikuwa akitupongeza kila tukirudi.

Katika kanisa lile la Mangobo kuna desturi wanaiita kushuhudia kwa imani. Unasimama mbele ya watu unamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hujakipata, ukikieleza kana kwamba kiko mkononi. Asiye na mtoto anashukuru kwa mtoto, hata anamtaja jina. Aliyekosa kazi anashukuru kwa kazi, anaeleza mpaka rangi ya meza ya ofisi. Pasta, ambaye ni mtu wa utaratibu, alichoka na watu waliokuwa wakizunguka saa nzima na kipaza sauti, akaagiza kila ushuhuda uandikwe kwanza, ukurasa mmoja tu. Na kwenye avenyu yetu, ukitaka ukurasa ulioandikwa vizuri, unakuja kwa nani? Kwa Prof. Niliandika za majirani wengi. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa ya kanisa, pale nilipokuwa nikimngojea mama, nasikiliza watu wakilizwa na sentensi zangu. Nakiri nilikuwa nafurahi.

Siku moja mama akaniambia, "Dimanche inayokuja niko kwa liste."

"Liste ya nini hiyo Jumapili?"

"Ya ushuhuda. Utaniandikia."

"Mama, lakini jicho halijapona."

"Donc ndiyo sababu nashuhudia sasa. Kisha kupona, nani atashindwa?"

Nilimcheka, naye akanicheka. Nikajiambia kwamba ni maneno tu, hayamdhuru mtu, na mama atalala na furaha. Ijumaa, nilipomaliza kusahihisha madaftari, nikakaa kuandika.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mkavu. Nilikuwa mgonjwa, Mungu ameniponya, asanteni. Nikauchana. Nilitafuta kitu cha kushika, kama ninavyowafundisha watoto, na macho yangu yakaangukia rafuni, juu ya ile chupa yenye kifuniko cha kijani. Alaa, si hiki hapa! Nikaandika: "Nina chupa ndogo yenye kifuniko cha kijani. Asubuhi, kabla sijaita jina la Bwana, namwita mwanangu aniletee chupa." Baada ya hapo kalamu ilikimbia yenyewe. Mwishoni nikaandika: "Leo nimeileta chupa hii chini ya madhabahu. Naiacha hapa, maana haina kazi tena. Na leo ninaona." Nilipoisoma tena, mwili ulinisisimka. Mimi, mtu nisiyeamini kitu!

Mama hakuweza kusoma mwandiko mdogo, kwa hiyo alikariri. Alikuwa akitwanga ndizi za makemba zilizochemka kwa ajili ya lituma, ugali wetu wa ndizi, mimi nimekaa kwenye kigoda nasoma. Nilipofika kwenye chupa, mchi ukasimama.

"Iyo ya chupa, nani amekuonyesha?"

"Imekuja tu," nikasema, kwa ule unyenyekevu wa uongo wa watu wanaojua kuandika.

Akanitazama sana kwa lile jicho la kushoto, mdomo umefunguka kidogo. Kisha akasema, "Rudilia." Nikarudia. Akanirudishia mstari kwa mstari huku mchi ukipiga taratibu, na mpaka makemba yalipolainika alikuwa ameushika ukurasa wote.

Jumapili ilipofika akasimama mbele akiwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, hana karatasi. Akasema kila neno. Alipofika mwisho akashika pindo la kitenge, akafungua fundo, akatoa chupa. Sikujua kama ameibeba. Akapapasa ukingo wa madhabahu, akainama, akaiweka chini. Watu walipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Pasta akauinua mkono wa mama juu. Na mimi kule nyuma nilipiga makofi. Sitaki kujitetea hapa. Nilipiga makofi kwa sababu mwisho ule ulikuwa umekaa vizuri.

Jioni, saa ya tone, nikavuta kiti cha plastiki.

"Mama, chupa iko wapi?"

"Kule niliiacha. Si weye uliandika?"

Nilidhani ananitania. Nikamngoja acheke. Akaendelea kuchambua mchele, uso wake umetulia kabisa.

Kesho yake nilikwenda kwa pasta, nimejiandaa kwa vita. Hakunipa nafasi. Alikuwa ameihifadhi chupa ndani ya sanduku, akanikabidhi mara moja. "Prof, hapa hatukatazaki mutu dawa," alisema. "Miye mwenyewe nakunywaka dawa ya presha. Twende, nitamwambia." Akaja mpaka kwetu, akakaa barazani, akamwambia mama kwa upole kwamba dawa nayo ni kazi ya Mungu. Mama alimsikiliza kwa heshima, akampa maji, kisha akamwambia, "Pasta, uliinua mukono yangu mbele ya batu. Sasa unaishusha?" Pasta akayamaliza maji, akaniangalia, akainua mabega. Tulipofika barabarani akanishika begani: "Prof, ushuhuda iko yake. Lakini maandiko iko yako."

Basi nikajaribu kwa njia yangu. Nilimweleza mama kama ninavyowaeleza wanafunzi, polepole. Nilimwambia chupa ile niliibuni. Nilihitaji mwisho mzuri. Ningeweza kuandika miwani, ningeweza kuandika fimbo. Ilikuwa tu karibu na macho yangu.

"Usiseme vile," akasema.

"Mama, hakuna aliyenionyesha. Ni ufundi. Ni kazi yangu."

Akaziba masikio kwa viganja, kama mtoto, akaanza kuimba. Nilipandwa na hasira hata nikapiga meza. Aliendelea kuimba mpaka nikatoka nje.

Nilijaribu na wizi pia. Mchana mmoja alipolala mkekani nilimsogelea na chupa, nikaivuta kope yake ya chini kidogo kidogo. Mkono wake ukanikamata kifundo cha mkono kabla tone halijaanguka, mkono wa mtu aliyebeba mabeseni ya samaki maisha yake yote. Hakufungua macho. "Papa, unataka nikuwe muongo?" Nikamwambia nataka aone. "Nitaona," akasema, akageukia ukutani. Tone lilikuwa limeanguka kwenye mkeka.

Nilikwenda peke yangu kwa daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasugua uso. "Mama ni mtu mzima, ana akili zake," alisema. "Nimfunge kamba? Ukiweza kumleta, nitamtibu hata leo." Nikamuuliza jicho litachukua muda gani. Akasema litakwenda kimya kimya, bila maumivu, na mama mwenyewe hatajua mpaka amefika ukingoni. Nikasimama mlangoni pake kama mtu aliyesahau kitu. Akanipa chupa nyingine.

Ukweli ni kwamba mtu anaweza kukaa nyumba moja na jambo baya, akalitazama likifanya kazi yake kila siku, na hana la kufanya. Nilimwona akianza kugeuza kichwa chote ili apate kijiko kilicho mbele yake. Aliacha soko, akasema miguu imechoka. Akaanza kunijua kwa hatua. Kila asubuhi na kila jioni nilivuta kile kiti barazani, nikaweka chupa juu ya kiti, nikasema, "Mama, saa imefika." Kila asubuhi na kila jioni akanijibu, "Asante, papa," akapita. Chupa ziliisha muda wake moja baada ya nyingine, nami nikawa nabadilisha, maana sikujua kazi nyingine ya kufanya.

Halafu ikaja siku ya shati. Nilirudi kutoka shuleni, nikasikia mama anaongea uani. Shati langu la kazini lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, karibu na jiko. Mama alikuwa amesimama mbele yake na sahani ya pondu, majani ya muhogo, mkononi. "Mbona umenyamaza? Banafunzi bamekusumbua tena? Kaa basi, kula. Au umekasirika na miye?" Akalingoja lile shati lijibu. Upepo ukalisukuma kidogo, naye akatabasamu.

Eh, Mungu wangu! Nilisema hivyo, mimi. Nilivua viatu pale langoni, nikapita pembeni ya ukuta nikinyata, nikajipenyeza kati ya shati na mama. Nikapokea sahani. "Sijakasirika, mama," nikasema. "Nimechoka tu." Akanigusa kifuani, akasema nimekonda. Nilikula pondu yote nikiwa nimesimama, na machozi yalinitoka bila sauti kwa sababu sasa hakukuwa na mtu wa kuyaona.

Mwaka huu masomo yalipoanza, niligawa zile kurasa mbili za mtunza kanisa. Nikasoma mpaka pale anapokaa benchini kungoja. Nikakumbuka kwamba na mimi nangoja. Nilikuwa nangoja mama aniambie, mara moja tu, "Weye ndiye umeniua jicho." Ningelipokea neno hilo kwa mikono miwili. Hakulisema. Nikakusanya kurasa zile kutoka mezani kwa wanafunzi, nikawapa imla mpaka kengele ikalia.

Jumapili iliyopita hatukwenda kanisani, kulikuwa na mvua. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, uso umeelekea mvua.

"Karatasi yangu ya ushuhuda ungali nayo?"

Ilikuwa ndani ya kamusi yangu. Nikaileta.

"Mbele ya kusoma, nataka nikuulize kitu. Utanijibu vile iko."

"Niulize, mama."

"Ile siku uliandika, uliamini?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Miezi yote ile nilikuwa nimeitamani nafasi hii ya kusema hapana na kusikilizwa. Lakini aliwahi kuendelea.

"Maana miye sikuamini," akasema. "Si sana. Nilienda kwa liste kama batu bote. Hata jicho, nilijua daktari anasema kweli. Lakini weye ulisoma ile ya chupa. Nikasema, eh! Mwana yangu mwenye haombaki, Mungu amemuonyesha mpaka kifuniko. Alisharudi! Nilikuwa nakuombea toka papa yako alikufa. Sasa ningefanya nini? Nirudilie chupa, na weye uone mama yako hakuamini kitu ulionyeshwa? Ungerudi nyuma tena. Nikasema, bon, jicho likwende."

Mvua iliendelea kupiga bati. Kumbe lile jicho hakulitoa kwa Mungu wala kwa pasta wala kwa kanisa la Mangobo. Alilitoa kwangu, na nilikuwa nimemwambia ukweli mapema, na aliziba masikio kwa sababu ukweli ule ndio aliokuwa anauogopa.

"Papa? Uko hapo?"

"Niko."

"Nijibu basi. Uliamini?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Niliamini."

Alipumua kwa nguvu, akalaza kichwa nyuma kwenye kiti, kama zamani za tone.

"Basi haikupotea," akasema. "Soma."

Nikasoma. Nilipofika karibu na mwisho nilijaribu kuruka, nikaenda moja kwa moja kwenye amina. Akainua kidole.

"Umeacha ya chupa."

Nikarudi juu, nikasoma ya chupa, madhabahu na yote, na nikasoma na sentensi ya mwisho. Yeye aliisema pamoja nami, kwa sauti, akiwa ameelekeza uso kwenye mvua: "Na leo ninaona."